Mtu wa Kuulizwa Habari za Ntalikwa

Bi Swaumu binti Shaban hakujua namba ya simu ya mtu yeyote, na alifanya kazi ya simu Tabora tangu mwaka wa uhuru mpaka mitambo mipya ilipokuja kumpumzisha. Watu hawaniamini nikiwaambia hivyo. Nilikaa naye bega kwa bega mbele ya ubao wa simu miaka mingi, nikimsikia anavyosema na watu huku anachomeka waya na kuchomoa, kwa hiyo kama nadanganya basi nadanganya kwa kuona.

Siku zile mtu hakupiga namba. Alizungusha kishikio cha simu, akasubiri mmoja wetu aseme "Tabora," halafu akataja mtu anayemtaka kwa jina au kwa namna yoyote aliyomjua. Nipe Abbasi wa mabati. Namtaka shemeji yangu, yuko Urambo kwenye tumbaku, mrefu hivi. Wengi wa waliotafutwa hawakuwa na simu kabisa. Walikuwa na jirani, duka, padri au karani mwenye simu, naye ndiye aliyekwenda kuwaita. Kitabu cha simu tulikuwa nacho. Kilizuia dirisha lisijipige.

Bi Swaumu aliwahi kuniambia, "Eustadia, hatulipwi kujua watu wako wapi. Nani atawajua wote hao? Tunalipwa kujua wa kumuuliza." Kwa hiyo aliipanga nchi yote ya Unyamwezi kichwani mwake namna hiyo. Kila mahali palikuwa na mtu wa kuulizwa kwanza, na mwingine wa kuulizwa kama wa kwanza hapokei. Tukipokezana zamu alitusomesha mpango wake kwa maneno machache, kwa sauti ya mtu anayeamrisha kuku watoke jikoni:

"Urambo, ghala la tumbaku. Kimya, stesheni. Chemchem, Abbasi. Kimya, fundi Shomari. Ntalikwa, Mabruki. Kimya, misheni."

Fundi Shomari alikuwa mumewe, mshona kanzu, na hakupenda kuulizwa. Alipokea hivyo hivyo.

Akimweka mtu mpya katika mpango, kwanza alimjaribu. Alimpigia akamuuliza habari za mtu ambaye yeye mwenyewe anajua fika yuko wapi. Jibu likiwa sawa, mtu huyo ameingia. Likiwa si sawa, anashukuriwa kwa adabu na haulizwi tena maisha yake yote. Mzee Mabruki wa Ntalikwa alijaribiwa zamani, akafaulu. Hapo ndipo shida yote ilipoanzia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kumjaribu mara ya pili.

Sasa nimtaje Hilari. Hilari alikuwa fundi wa injini Morogoro, mtoto wa pekee wa Mama Apolinaria wa Ntalikwa, mjane. Mama hakujua kusoma, na hakutaka barua zake zisomwe na watu. Alisema akimweleza mwandishi habari za tumbo lake, kesho kijiji kizima kinajua tumbo lake. Kwa hiyo mwanawe alimpigia simu kila mwisho wa mwezi. Sisi tulimpigia Mabruki, mwenye duka barabarani. Mabruki alisimama mlangoni akapaza sauti kuvuka mashamba ya karanga, na Mama Apolinaria akaja anafuta mikono. Hawakuwa na la maana la kusema. Mama alikohoa, Hilari akamwambia anywe dawa, akamjibu kwamba si kikohozi ni vumbi, muda ukaisha. Najua kwa sababu nilisikiliza. Wote tulisikiliza, na anayesema hakusikiliza huyo hakuwahi kufanya kazi ya simu.

Hilari hakuwa na ndugu mwingine duniani. Kile kikohozi ndicho kilichokuwa kwao. Alimwambia Bi Swaumu siku moja, wakati wanasubiri mama afike, kwamba mwezi asioisikia sauti ya mayu wake, yaani mama yake, hali vizuri. Bi Swaumu akamwambia ale vizuri, mama yuko njiani, anamuona. Hakuwa anamuona.

Mzee Mabruki nitamsema vizuri, ingawa alinikera. Babu yake alikuwa mtu wa misafara, alibeba pembe mpaka Bagamoyo na akarudi, jambo ambalo si wote walilifanya. Na Tabora nzima imelelewa na barabara ile ya misafara. Ukiulizwa njia na mpita njia, hujibu "sijui." Kusema sijui ni kumfukuza mgeni mlangoni. Unanyoosha mkono, unasema pita hapo, ukifika kwenye mti mkubwa uliza tena. Mtu anakwenda na moyo wake umetulia. Kama njia yenyewe si hiyo, huko mbele ataelekezwa na mwingine mwenye adabu zake. Mimi nashangaa msafara wowote ulifikaje pwani.

Ikaja operesheni ya vijiji. Tulisikia kwamba watu wa mbali wanahamishwa kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, wakae pamoja, wapate maji na shule na zahanati. Ntalikwa ni pua na mdomo na mji, hatukuifikiria. Malori yalikwenda Ntalikwa vilevile. Yalipakia watu, vyungu, kuku na milango ya nyumba, yakaondoka. Duka la Mabruki lilikuwa barabarani, likaachwa lilivyo, na yeye ndani yake.

Mwisho wa mwezi Hilari akapiga. Bi Swaumu akachomeka waya wa Mabruki.

"Shikamoo mzee wangu. Mama Hilari yupo?"

"Marahaba, Bi Swaumu! Hujambo mwanangu? Fundi Shomari hajambo? Mama Hilari, aa, yuko shamba leo."

Mwezi wa pili alikuwa amekwenda kisimani. Mwezi wa tatu alikuwa kwa jirani, na Mabruki akaongeza kwamba anasalimia sana. Ubaya wa mpango wa Bi Swaumu ulikuwa hapo hapo: misheni wangeulizwa tu kama Mabruki angenyamaza. Mabruki hakunyamaza hata siku moja. Angenyamaza tu, angetuokoa wote.

Mwezi uliofuata Bi Swaumu alimbana. "Mzee wangu, huyu mtoto amekonda kwa mawazo. Mama yake yuko wapi?"

Tulisikia pumzi yake kwenye waya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bi Swaumu, mambo mengine hayasemeki kwenye simu. Mwambie mtoto aje tu."

Kila mtu wa kwetu akisikia maneno yale anajua. Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Unamwambia mtu, mama hajisikii vizuri, njoo, na yeye huko aliko anaanza kulia, na nyote wawili mnaendelea kuzungumza habari za homa. Bi Swaumu akamuunganisha Hilari na yeye mwenyewe, akamwambia, "Baba, mama hajisikii vizuri. Njoo." Akamsikia anavyolia. Akamwambia homa siku hizi ni nyingi.

Hilari alikuja na treni, yeye na mkewe, na kitambaa cheusi, na mfuko wa mchele wa matanga. Morogoro alikuwa ameshaacha sadaka ya misa ya marehemu. Tulimpokea stesheni, mimi na Bi Swaumu, tukampa pole, tukalia pamoja kama inavyopasa, tukaenda Ntalikwa.

Hatukukuta kijiji. Nyumba ya Mama Apolinaria ilikuwa imesimama haina paa wala mlango, na jikoni kwake kulikuwa na mbuzi ambaye hakuwa wa mtu. Mimi nimezaliwa upande ule, na sikuyatambua mashamba yale matupu. Mabruki akatoka dukani na kata ya maji kwa ajili ya wageni. Rafu za duka nyuma yake zilikuwa na kiberiti na chumvi basi.

Hilari akamwamkia, kisha akamuuliza, "Mzee, kaburi la mama liko wapi?"

Mabruki akatazama kitambaa cheusi. Akatazama mfuko wa mchele. Akamtazama Bi Swaumu, ambaye alikuwa hajawahi kumuona kwa macho, akamjua. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe, ukaelekeza nyuma ya mikorosho.

Tulikwenda. Nyuma ya mikorosho palikuwa na kichuguu kidogo, kirefu kirefu, majani yameota juu yake. Hilari akapiga magoti. Mimi ndiye Mkatoliki pekee niliyekuwapo mbali na wao wawili, kwa hiyo niliongoza sala. Bi Swaumu alisimama pembeni, viganja wazi, akisoma dua yake ya Kiislamu. Kwa hiyo mchwa wale waliombewa na dini mbili.

Tulikuwa katikati ya Salamu Maria Mabruki alipotufikia, kofia yake mkononi.

"Hilari, mwanangu," alisema, "inuka. Hapo hamna mtu. Sijui mama yako yuko wapi." Akarudia lile neno kana kwamba analijaribu kwa mara ya kwanza, na nadhani ni kweli ilikuwa mara ya kwanza. "Sijui. Waliwapakia wote asubuhi moja, malori yakashika njia ya Urambo, wala hakuna aliyepata nafasi ya kuniaga. Tangu siku ile hakuna anayeniuliza kitu ila Bi Swaumu. Ningemwambia sijui, angeacha kuniuliza."

Alilia mzee wa watu, machozi yakaingia kwenye ndevu. Nilikuwa nimeshika jiwe la maneno ya kumtupia, nikaliacha lianguke. Hilari akainuka, akajipangusa magoti, akampa mkono. Halafu akatoka mbio kwenda barabarani kusimamisha gari.

Dereva wa lori la tumbaku ndiye aliyetupeleka. Kijiji kipya kilikuwa ng'ambo ya msitu, kwenye njia ya Urambo, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule. Mama Apolinaria alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, yenye mlango wake wa zamani, anabangua karanga. Alimtazama mwanawe anashuka kwenye lori.

"Miezi yote hii," alisema. "Simu moja tu mtoto anashindwa."

Alidhani serikali iliyomhamisha ilikuwa imemwambia na mwanawe. Ni jambo la kawaida kudhani. Hilari alikuwa amemkumbatia, analia kwa sauti mpaka majirani wakatoka, na mama anampigapiga mgongoni huku anakohoa, na macho yake yako kwenye kitambaa cheusi mikononi mwa mkwe wake.

"Nani kafa?" akauliza.

Wali wa matanga uliliwa jioni ile, na marehemu ndiye aliyepakua.

Bi Swaumu hakula. Kesho yake alikuja kazini kabla ya wafagizi. Nilimwambia kosa ni la Mabruki. Akasema, "Mabruki alijibu alivyolelewa. Mimi ndiye niliyeendelea kumuuliza." Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa ya kufanya kazi, si ya kujifungia ndani.

Kijiji kipya kilikuwa kimeletewa simu mwezi ule ule, kwa waya uliopita kwenda kwenye ghala la tumbaku. Iliwekwa mezani kwenye ofisi ya kijiji, dirisha wazi, na aliyepita karibu aliipokea. Bi Swaumu akaanza kutafuta mtu wa kumweka. Lakini safari hii aligeuza jaribio lake. Hakuuliza habari za mtu anayemjua. Aliuliza habari za mtu ambaye hayupo duniani. Alimtunga mwenyewe, akampa jina Anselm Kengele.

Akapokea mwenyekiti. "Kengele? Yupo, mtu mwenye bidii sana. Amekwenda mkutanoni."

Akapokea katibu. "Anselm? Alikuwa hapa sasa hivi, labda umpigie baadaye."

Akapokea mwenye ghala. Huyu alisema Kengele mguu bado unamsumbua, ila anashukuru Mungu. Bi Swaumu akamwambia ampe pole.

Nilicheka mpaka nikavua hedifoni. Bi Swaumu hakucheka. Alikuwa anaona nchi nzima aliyoipanga, kila mtu aliyemweka, na hakujua ni wangapi kati yao walikuwa wanampa Kengele miaka yote hiyo.

Siku nyingine viongozi wote walikuwa shamba la kijiji, simu ikalia sana, mwisho ikapokelewa na sauti ya mwanamke aliyekuwa na hasira tayari.

"Nini?"

Bi Swaumu akamsalimu, akamuulizia Anselm Kengele.

"Hapa hakuna Kengele. Nani kakwambia yupo?"

"Labda humjui, dada yangu?"

"Hapa namjua kila mtu, nawachoma sindano wote. Huyo simjui. Kama yupo watamjua walioletwa kutoka upande wa mto, muulize Mama Sofia, mimi nina wagonjwa."

Bi Swaumu akanigeukia na uso wa mtu aliyeokota pete yake iliyopotea. Akauliza tena, taratibu, "Na Mama Apolinaria, mama yake Hilari?"

"Yupo. Ana kikohozi na dawa nikimpa anamwaga nyuma ya nyumba. Nimemuona kwa macho yangu. Mjinga tu." Akakata.

Huyo ndiye Pelagia, mhudumu wa zahanati. Alikuwa ameachika mara mbili, na watu walisema ni kwa ajili ya mdomo. Hakuna aliyemwalika harusini. Katika Tabora yote na vitongoji vyake Bi Swaumu alikuwa amempata mtu mmoja mwenye utovu wa adabu wa kutosha kusema simjui.

Tulipopokezana zamu alisimama, akatangaza: "Ntalikwa, mtoeni Mabruki. Muulizeni Pelagia. Akisema sijui, hiyo ni sijui, msimbembeleze. Akikutajia mwingine, mfuate huyo." Kusema ni rahisi. Mwenzetu Mwanahawa mkono wake ulikuwa umezoea, ukisema Ntalikwa unakwenda kwenye tundu la Mabruki wenyewe, na Mabruki naye alimpokea kwa furaha na kumwambia wote wapo kisimani. Ilibidi Bi Swaumu azibe lile tundu kwa kipande cha kitambaa cha kanzu mpaka vichwa vyetu visahau. Halafu akapiga mahali pengine pote, Urambo, Chemchem, Sikonge, akimuulizia Kengele. Wengi waliondoka katika mpango. Abbasi wa mabati aliondoka. Hata fundi Shomari aliondoka, akashukuru.

Kitambaa alikitoa mara moja kila asubuhi. Alimpigia Mabruki, akamwamkia, wakaulizana hali, za nyumbani, za mvua. Hakumuuliza habari za mtu yeyote. Bosi wetu aliwahi kusema huko ni kuchezea laini ya serikali. Bi Swaumu akasema ndiyo, na kesho yake akapiga tena.

Na Hilari akaendelea na simu zake za mwisho wa mwezi. Pelagia ndiye aliyekwenda kumwita mama, kwa kelele, na alipofika alimsemea kwa mwanawe mbele yake: dawa hanywi, juani anakaa, ugali anagawa. Hilari alimpenda Pelagia kuliko sisi wote. Alituambia kwamba akisikia kutoka kwake kuwa mama hajambo, analala.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera, sukari haipatikani, tunakunywa chai ya chumvi. Haikuwa mwisho wa mwezi. Taa ya kijiji kile ikawaka kwenye ubao wetu asubuhi, Bi Swaumu akapokea, nami nikasikiliza.

"Mama Hilari amekufa," alisema Pelagia. "Alfajiri. Nilikuwa nimemshika."

"Pelagia, haisemwi hivyo kwenye simu."

"Isemweje?"

Kule Pelagia alikuwa analia, kwa hasira, kama alivyofanya kila kitu. Akasema mtoto aletwe upesi, mwili hautakaa. Akakata.

Morogoro walimtafuta Hilari karakana, wakamleta kwenye simu. Bi Swaumu alivuta ushungi wake mbele, ingawa hakuna aliyekuwa anamuona. Akasema kama inavyosemwa, kama alivyosema mara ile.

"Hilari, baba. Mama hajisikii vizuri. Njoo."

Upande wa pili kikasikika kitu kama kicheko kidogo, cha mtu aliyekwisha kulishwa wali wa matanga na marehemu mwenyewe.

"Bi Swaumu, shikamoo," alisema. "Umemuuliza nani?"

Nilimuona anafumba macho.

"Nimemuuliza Pelagia."

Waya ulivuma. Tulisikia nyundo za karakana ya Morogoro, mbali, zikigonga chuma.

"Basi nakuja," Hilari alisema.